Maswali yenu kuhusu santuri

Babu ameniachia sanduku la santuri. Baadhi ni nzito, na moja ilianguka ikavunjika kama kigae. Naweza kuzipiga kwenye mashine yangu ya kawaida?

Usizipige kwanza. Zinazovunjika hivyo kwa kawaida ni zile za mizunguko 78 kwa dakika, za shelaki, utomvu unaotokana na wadudu. Santuri ndefu ya vinaili ya mizunguko 33 na theluthi ililetwa na kampuni ya Columbia mwaka 1948, na RCA Victor ikatoa ile ndogo ya 45 mwaka uliofuata. Mifereji ya 78 ni mipana, inataka sindano yenye ncha nene karibu mara tatu. Sindano nyembamba ya mashine ya kawaida huzama hadi chini ya mfereji, ikazoa vumbi la miaka yote hiyo badala ya muziki. Na nakuomba sana, usizisafishe kwa spiriti, kwa sababu spiriti huyeyusha shelaki. Sauti ikishatoka hapo hairudi.

Nizilaze au nizisimamishe?

Zisimamishe wima, mbali na jua na joto. Zikirundikwa, za chini hupinda.

Nimenunua mtandaoni santuri iliyoandikwa VG, yaani "nzuri sana", lakini inakwaruza. Nimetapeliwa?

Huenda hukutapeliwa. Katika madaraja ya wakusanyaji, VG ni ya kati tu: juu yake kuna VG+, kisha NM, ambayo ni karibu na mpya. Kwenye VG mikwaruzo husikika, hasa wimbo unapoanza na unapofifia. Shida ni kwamba herufi hizo hupangwa na jicho la muuzaji, nawe huna lako pale.

Ndiyo maana bado naenda dukani. Unaitoa santuri kwenye jalada lake, unaishika kwa ukingo, unaiinamisha kwenye mwanga na alama zote zinajitokeza. Muuzaji anayejali atakuwekea uisikilize, atakueleza ni mkwaruzo upi unasikika na upi ni wa kuonekana tu. Mwezi ujao atakuwa amekuwekea pembeni kitu ambacho hukujua unakitaka. Mazungumzo hayo, kwangu, yana thamani kuliko punguzo lolote.

Je, nipange foleni Siku ya Maduka ya Santuri?

Wenye maduka huru wa Marekani waliibuni mwaka 2007, ikafanyika mara ya kwanza Aprili 2008, na imeyasaidia maduka mengi. Nenda ukiipenda shamrashamra. Lakini matoleo machache yanayotolewa kwa siku hiyo huvutia walanguzi, na siku hiyo muuzaji hana nafasi ya kuzungumza nawe. Mimi ningekwenda Jumanne ya kawaida.

Nitajuaje kama ni toleo la kwanza?

Usiamini jalada peke yake, maana majalada huhamishwa. Tazama sehemu laini inayozunguka lebo, mifereji inapoishia. Kuna namba na herufi zilizochongwa au kugongwa hapo, wakati mwingine hata alama ya fundi aliyechonga mifereji ya sauti. Zinakili zote, kisha uzilinganishe na kumbukumbu za Discogs, orodha kubwa ya santuri mtandaoni. Beba kioo cha kukuzia.