Re: Kutoka Budapest kwenda Štúrovo, nishuke wapi?

Mkuu, umeuliza ushuke wapi na kama lugha itakusumbua. Kwenye tiketi tafuta Štúrovo, jina rasmi la mji huo wa Slovakia, mpakani na Hungaria, tangu 1948. Wenyeji wengi ni Wahungaria, wao huuita Párkány. Ni mji uleule.

Wengi hukosea hapa: stesheni iko nje ya mji, kilomita kama mbili na ushee. Ukishuka, usitegemee kuona mto Danube unaopita mjini. Subiri basi, au tembea kama begi ni jepesi.

Mjini, "jó napot" (salamu ya Kihungaria) itakufikisha mbali kuliko Kislovakia. Ila pesa ni euro. Ukivuka daraja la Mária Valéria kwenda Esztergom, mji wa Hungaria ng'ambo ya mto, pesa ni forinti, kwa hiyo tembea na zote mbili. Daraja lenyewe lilibomolewa 1944 na likakaa vipande hadi 2001, watu wakivuka kwa kivuko. Sasa unavuka kwa miguu dakika chache tu. Viza moja ya Schengen (ya pamoja kwa nchi nyingi za Ulaya) inatosha pande zote, lakini pasipoti usiiache hotelini.

Kanisa kuu la Esztergom, kwa maoni yangu, linapendeza zaidi likitazamwa kutoka ng'ambo, upande wa Štúrovo, jioni taa zikishawaka.