Kuona virusi vikijiunda ndani ya seli hai: ushauri wangu kwa mnaoanza

Wiki iliyopita nilisimama mbele ya ukumbi wa watafiti hapa Nairobi nikaonyesha video fupi: seli hai, na kwenye utando wake chembe za virusi vya Ukimwi zikijikusanya moja baada ya nyingine. Tangu siku hiyo simu yangu haijatulia. Wengi wanaoniandikia ni wanafunzi wa uzamili, na swali ni lile lile: "Dada, nianzie wapi?" Nawajibu nyote hapa, lakini kwanza mjue nilikotoka.

Nilipompelekea wazo hili mtu mmoja mwenye cheo katika fani yetu, hakufungua hata kurasa nilizomwekea mezani. Alisema kutazama virusi vikijengeka ni kazi ya wenye pesa, ya Ulaya na Marekani, na kwamba binti wa Kayole afadhali ahesabu viluwiluwi vya mbu. Sina ubaya na kazi ya mbu, inaokoa watu. Lakini nilielewa alichomaanisha, na kinaniuma hadi leo.

Sayansi yenyewe wala haikuwa siri. Kirusi cha Ukimwi kina upana wa nanometa 100 na ushei, na hadubini ya kawaida ya mwanga haitenganishi vitu vilivyokaribiana chini ya nanometa 200 hivi. Hadubini ya elektroni inakionyesha vizuri, ila ndani ya seli iliyokwisha kufa. Mambo yalibadilika ilipopatikana protini ya yavuyavu inayong'aa kijani, ile iliyowapa Shimomura, Chalfie na Tsien tuzo ya Nobel mwaka 2008. Ukiiunganisha na Gag, protini ambayo kirusi hujijengea, unaona ujenzi wenyewe. Mwaka huo huo Nolwenn Jouvenet, Paul Bieniasz na Sanford Simon, wakiwa New York, walifuatilia chembe moja moja zikijiunda kwa muda wa dakika tano au sita hivi. Walipiga leza kutoka chini ya kioo kwa mshazari mkali hata mwanga wote ukarudi, isipokuwa utando mwembamba wa mwanga unaopenya kiasi cha nanometa 100 au 200 tu. Sakafu ya seli ndiyo inayong'aa. Juu yake kote ni giza.

Na hili walioko Nairobi walishike: Gag peke yake hujenga chembe zisizoweza kuambukiza. Huhitaji maabara ya usalama wa hali ya juu ili uanze.

Miaka ya kuomba nafasi kwenye hadubini yenye leza ya namna hiyo nairuka. Niliipata, na ndipo nikajua mambo ambayo makala za kisayansi hayataji. Julai, kwa baridi yetu, vyuma vya hadubini vinasinyaa kidogo tu na picha inapotea fokasi katikati ya kazi. Washa kisanduku cha joto jioni, nyuzi 37, ukute asubuhi kila kitu kimetulia. Malori ya barabarani nayo yanatikisa picha, kwa hiyo nilirekodi usiku. Stima ikipotea, rekodi imekwenda. Hifadhi faili vipande vipande.

Lakini kuliko yote, punguza mwanga. Leza ya buluu inazalisha sumu ndani ya seli. Seli inaanza kujikunja pembeni, inakuwa duara, mwisho inang'oka kwenye kioo, na wakati wote huo inaendelea kung'aa vizuri tu. Ndiyo hatari yake: unaweza kurekodi kifo ukadhani ni uhai. Afadhali picha hafifu yenye chengachenga, kutoka kwa seli iliyo hai, kuliko picha ya kupamba ukuta. Punguza mwanga, kisha uupunguze tena.

Nilipoonyesha rekodi zangu za mwanzo, mkubwa yule yule alisema mbele ya watu kwamba vidoa vinavyong'aa kwenye picha zangu si virusi, ni takataka za rangi. Sikubishana. Nilirudi nikachukua kidoa kimoja kimoja, nikapima mng'ao wake picha kwa picha. Chembe inayojengwa haihami: inaanza hafifu mno, inapanda polepole kwa dakika kadhaa, kisha inatulia kwenye kilele. Kifuko kidogo cha ndani ya seli, ambacho tayari kimebeba protini, hutokea ghafla kiking'aa chote, kikazurura. Michoro yangu ilipanda polepole. Wiki iliyopita alikuwa ameketi safu ya pili, akanyoosha mkono, na swali lake lilikuwa la mtu anayetaka kujua. Nilifurahi, siwezi kuficha.

Kwa hiyo, wadogo zangu, acheni kusubiri ruhusa ya mtu. Kazi hii inataka subira, na subira haiuzwi pamoja na hadubini. Nimeona mashine za mamilioni zimefunikwa nailoni kwa sababu hakuna aliyejua kusoma picha zake. Usomaji huo unaweza kujifunza leo, kwenye kompyuta ya kawaida. Programu ya Fiji, ya kuchambua picha za hadubini, ni ya bure. Hifadhi ya Image Data Resource ina picha za tafiti halisi, wazi kwa yeyote mwenye intaneti. Tafuta mfululizo wa picha za seli hai, hata kama hauna virusi. Chora duara kuzunguka kidoa kimoja, pima mng'ao wake tangu picha ya kwanza hadi ya mwisho, utoe mng'ao wa eneo tupu lililo jirani, ndipo uchore mstari wake. Kisha rudia kwa kidoa cha pembeni yake. Mistari hiyo miwili ikitofautiana, andika kwa nini, kabla hujamuuliza mtu yeyote.