Tunapewa jumla tu, hesabu yenyewe hatuonyeshwi

Ndugu mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza hivi, mwananchi wa kawaida anaweza kuibana serikali kwenye mambo kama mikataba ya matengenezo ya barabara na idadi ya wanyamapori, au hiyo ni kazi ya Bunge na CAG, yule mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, basi? Mi jibu langu ni kwamba anaweza, tena vizuri tu, ila wengi wetu tunabana pasipo. Tunabishana na jumla. Kiongozi anasimama anasema mwaka huu tumetengeneza kilomita kadhaa, tembo wetu sasa wamefika kadhaa, basi wengine wanapiga makofi, wengine wanasema uongo huo, na kote kote hakuna aliyeiona ile karatasi iliyozaa hiyo namba. Hiyo karatasi ndo ya kudai.

Kuna watakaoniuliza barabara na tembo wapi na wapi. Zinafanana hapa, anayetupa namba ndiye huyo huyo anayepimwa kwa namba hiyo. Mkandarasi analipwa kwa kilomita na unene wa kifusi, na wizara inasifiwa au inalaumiwa kwa idadi ya wanyama, kwa hiyo wote wana sababu ya kutaka namba ipendeze, hata kama ni watu waaminifu kabisa.

Nianze na tembo maana hapo tuliumia kweli kweli. Mwaka 2009 sensa ilionyesha Tanzania nzima ina tembo zaidi ya 109,000. Mwaka 2010 mwezi Machi serikali yetu ikaenda Doha kwenye mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kuomba iruhusiwe kuuza karibu tani 90 za meno ya tembo yaliyoko ghalani, hoja ikiwa tembo wetu wako salama na wameongezeka, ombi likakataliwa. Sasa sikiliza kilichokuwa kinaendelea porini wakati huo. Eneo la hifadhi za Selous na Mikumi lilihesabiwa 2009 likawa na tembo karibu 39,000, likahesabiwa tena 2013 wakapatikana 13,084. Miaka minne tu jamani! Na sensa ya nchi nzima ya 2014, matokeo yakatangazwa katikati ya 2015, ikaleta elfu 43 na kidogo. Yaani zaidi ya nusu ya tembo wa Tanzania walipotea ndani ya miaka mitano huku sisi tukiendelea kuambiwa ile namba ya zamani.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba dalili zilikuwepo kwenye hesabu zenyewe. Sensa ya tembo inafanywa kwa ndege ndogo inayoruka chini chini kwa mistari iliyopangwa, na pembeni kuna watu wa kuhesabu wanaotazama kwenye ukanda wa ardhi uliowekewa mipaka kwa fito mbili kwenye nguzo za bawa, wanahesabu wanaowaona ndani ya hizo fito tu, halafu kinachopatikana kinakuzwa kufikia eneo lote. Kwa hiyo namba ya tembo siku zote ni makadirio, ina kuongeza au kupunguza kwake. Ila wale wahesabuji hawaandiki tembo hai peke yao, wanaandika na mizoga, mibichi yenye ngozi na michakavu iliyobaki mifupa meupe. Ukichukua mizoga ukailinganisha na jumla ya hai na mizoga, wataalamu wanasema ikizidi kama asilimia 8 hivi ujue kuna shida, wanakufa wengi kuliko wanaozaliwa. Selous ilikuwa imevuka hapo mbali sana. Mtu akiwa na jumla tu hawezi kuliona hilo, mwenye jedwali zima analiona.

Na nyie mnaosema sensa zote ni za kupika, nadhani mnakosea pia. Kwenye hifadhi za Ruaha na Rungwa 2013 walihesabiwa tembo 20,090, mwaka uliofuata wakapatikana 8,272, watu wakashtuka, serikali ikaagiza hesabu irudiwe, 2015 ikaja 15,836. Wengi wakacheka wakasema si mnaona, namba za kupanga hizo. Lakini tembo wanatembea kwa makundi, ndege ikipita mstari ambao kundi kubwa halipo siku hiyo namba inashuka, ikilikuta inapanda, na ndo maana ile kuongeza au kupunguza inaweza kufika maelfu. Tangazo likitoka na jumla peke yake watu lazima waone uongo, ila kama lingetoka na ramani ya mistari, tarehe, hali ya hewa, majina ya waliokuwa ndani ya ndege, idadi ya mizoga na ukubwa wa makosa, mtu wa chuo kikuu au hata mwalimu wa hesabu wa sekondari angeweza kukaa akapitia akasema hapa sawa, hapa sielewi. Kwangu mimi kuwajibishana ni huko, na sio lazima umkute mtu na hatia.

Halafu tukumbuke tulipotoka. Septemba 2018 Sheria ya Takwimu ilibadilishwa ikawa ni kosa la jinai kutoa takwimu zinazopinga au kupotosha zile rasmi, ikabidi ibadilishwe tena Juni 2019. Katikati hapo mtu aliyeenda kuhesabu mashimo ya barabara ya kwao akatangaza alikuwa anajiuliza mara mbili. Sheria imerekebishwa lakini woga haujarekebishwa, bado ukikaa na viongozi wengi wa vijiji wanakwambia hayo ya namba waachie wakubwa.

Sasa barabara. Hapa mwananchi ana nguvu kuliko anavyodhani maana barabara ipo mlangoni kwake, haihitaji ndege. Hela zenyewe ni zake moja kwa moja, kila lita ya petroli au dizeli ina tozo inayokwenda Mfuko wa Barabara, na bajeti ya 2021/22 ikaongeza shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili ya barabara zilizo chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Bodaboda akijaza mafuta asubuhi ameshachangia. TARURA ilianza 2017 na inabeba mtandao wa zaidi ya kilomita 144,000, urefu wa kuizunguka dunia zaidi ya mara tatu. CAG anakagua, anatoa ripoti kila mwaka, inafika kwa Rais ikifika mwisho wa Machi kisha inawekwa Bungeni, na mimi ni mmoja wa wanaoisoma kwa heshima kubwa, ila niambie wakaguzi gani watachimba kila kilomita ya mtandao huo. Haiwezekani. Wanachukua sampuli, na kwa kawaida wakifika mvua mbili zimeshapita na kifusi kimeshakwenda mtoni.

Kwenye matengenezo kuna ya kawaida, kuna ya muda maalum, kuna ya sehemu korofi, na mianya haifanani. Ya kawaida ni kufyeka majani, kuzibua mitaro, kuchonga na greda, na ukisema ilifanyika ukathibitisha kwa picha moja ni ngumu kukukatalia miezi miwili baadaye maana majani yameota tena. Ya changarawe yanaacha ushahidi ardhini. Nitawapa mfano wa kwetu, sitaji ofisi wala kampuni maana hoja sio mtu. Diwani wetu alifanikiwa kupata nakala ya mchanganuo wa kazi za mkataba, ile BOQ, ikasema tuta linyanyuliwe, changarawe iwe sentimita 15 baada ya kushindiliwa, na makalavati yawekwe sehemu mbili zinazojaa maji. Greda lilipoondoka vijana wakatoka na sururu na futi kamba ya seremala, wakachimba vishimo vidogo katikati na pembeni, wakapima changarawe inapoishia na udongo wetu mwekundu unapoanza, wanafukia, wanasogea mbele. Karibu na shule, pale gari la wageni linaposimama, ilikuwa sentimita 15 kamili. Kushuka bondeni ikawa 9, mbele zaidi ikawa 6. Tukaandika kwenye kaunta buku, mahali, kipimo, jina la aliyeshika futi, sahihi ya mwenyekiti wa kitongoji. Hakuna aliyepiga kelele wala kumwita mtu mwizi. Diwani akaingia nalo kwenye kikao, na kwa kuwa malipo ya mwisho yalikuwa bado hayajasainiwa, maroli yalirudi yakaongeza kifusi bondeni. Kalavati la pili mpaka leo halijawekwa, hilo bado tunalidai.

Ile bado hayajasainiwa muizingatie sana. Mkandarasi akishalipwa yote na kipindi cha matazamio, ule muda anaowajibika kurekebisha kasoro, kikaisha, umebaki na malalamiko tu. Kwa hiyo kudai karatasi kuna wakati wake, na wakati huo ni wiki chache mno, kazi ikiwa bado moto. Siku hizi zabuni zinapita kwenye mfumo wa NeST, ule wa serikali wa manunuzi mtandaoni, unaweza kuona nani kapata tenda na kwa shilingi ngapi, hatua nzuri naipongeza kwa moyo wote. Lakini mtu wa kijijini hajui kazi gani hasa imenunuliwa kwa hizo shilingi, na baada ya hapo haoni karatasi za vipimo ambazo injinia alisaini ili hela itoke. Bango la mradi pale barabarani linataja mkandarasi, mhandisi msimamizi, thamani ya mkataba. Ongezeni mistari mitatu tu, unene, upana, idadi ya makalavati, muone watu watakavyopima wenyewe.

Na sheria ya kudai ipo. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwenye ofisi ya umma na ofisi inatakiwa ijibu ndani ya siku 30. Ombi liwe la maandishi, ligongwe muhuri wa kupokelewa, na lisiwe la jumla jumla. Ukiandika naomba taarifa za barabara utajibiwa barabara zinaendelea vizuri. Andika naomba nakala ya vipimo vilivyoambatishwa kwenye hati ya malipo namba fulani ya barabara fulani, hapo afisa analazimika ama atoe ama aseme kwa maandishi hatoi kwa sababu gani, na hiyo barua ya kukataa nayo ni silaha, mbunge wako anaweza kusimama nayo.

Kuna mahali barabara na wanyama vinakutana kabisa, Mikumi. Barabara kuu ya kwenda Iringa na Mbeya inakatiza hifadhi kwa kama kilomita 50, magari yanagonga wanyama, na kuna bango la faini kwa kila mnyama. Matuta na alama za barabarani ni jukumu la upande mmoja, wanyama ni jukumu la upande mwingine. Mimi ningependa kila mwezi ibandikwe orodha ya waliogongwa, mnyama gani, kilomita ya ngapi, saa ngapi, pembeni yake orodha ya matuta yaliyosagika na yaliyorudishiwa. Hapo ndo tungejua hela ya matengenezo ielekezwe wapi. Tena tusidhani mambo haya hayana mahakama. Ule mpango wa barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa Serengeti ulipelekwa na shirika moja la Kenya la kutetea wanyama kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki, na Juni 2014 mahakama ikazuia. Shirika la jirani lilikwenda, sisi wenye hifadhi tulikuwa wapi?

Nimalizie na watu ambao hii mada inawagusa kuliko sisi wenye muda wa kuandika. Nendeni Liwale, Tunduru, Nachingwea, Meatu, Bunda, muulize idadi ya tembo. Baada ya ujangili kubanwa serikali inasema tembo wamepanda tena wamepita 60,000, na mkulima aliyeamka akakuta mahindi yamelala hana sababu ya kubisha. Lakini yeye anataka kujua kitu kingine, wameongezeka au wamehama? Shoroba zao, yaani njia zao za kupita, zimezibwa na mashamba na mifugo wakakosa pa kupita, au ni wengi kweli? Hayo ni majibu mawili tofauti na yanadai hela tofauti. Anayejaza fomu ya kifuta jasho, ile hela ya pole ya mazao yaliyoliwa na wanyama, anapimiwa ekari zake kwa makini, anaulizwa umbali kutoka mpaka wa hifadhi, anaambatisha karatasi za kijiji, halafu anasubiri. Mtu huyu anatoa ushahidi wa kila hatua ya shamba lake ili apewe kidogo, na wale walinzi wa wanyamapori wanaotakiwa wamkimbilie usiku tembo wakiingia wanakwama njiani kwa sababu ile barabara iliyoandikwa imetengenezwa haipitiki masika.

Kwa hiyo ombi langu kwa wabunge wa maeneo hayo, bajeti ijayo ya Maliasili na ya TAMISEMI zikisomwa, msiulize tembo wangapi wala kilomita ngapi. Ombeni jedwali la sensa ya mwisho ya mfumo ikolojia wenu likiwa na mizoga, na vipimo vya barabara tatu za jimbo mnazozijua wenyewe kwa miguu, viletwe mezani kabla ya kura. Sisi huku kaunta buku tunazo tayari.