"Paka wakubwa": nani hunguruma, nani hukoroma?

SWALI: Mwanangu aliandika katika insha yake, "Simba, chui na duma ni paka wakubwa." Mwalimu akaikata sentensi, akasema paka mkubwa ni shume. Nani kakosea? (Mama, Wete, Pemba)

JIBU: Dada yangu, mwalimu ana haki. Kwa masikio yetu paka mkubwa ni yule shume anayelala juu ya ukuta wa soko la samaki, sikio limekatika, hamwogopi mtu. Mtoto anajua anachokisema, ila kafuata tafsiri ya neno kwa neno ya Kiingereza "big cats". Kiswahili husema "jamii ya paka". Simba ni jamii ya paka, lakini si paka.

Mimi ningemsahihisha zaidi kwenye duma. Wataalamu wa wanyama, wakilitenga kundi la hao "big cats", hawatazami ukubwa peke yake, husikiliza koo, na hapo Kiswahili kina vitenzi viwili vizuri mno. Simba hunguruma, kama radi. Paka hukoroma: akikulalia mapajani, uweke mkono mgongoni mwake, utausikia mtetemo mpaka kwenye vidole. Mfupa mdogo ulio chini ya ulimi wa paka ni mfupa mgumu wote; wa simba na chui una kano inayonyumbuka, na nyuzi zao za sauti ni nene.

Duma, pamoja na urefu wake wote ule, hukoroma. Puma wa Marekani vilevile, ingawa dume lake laweza kumzidi chui uzito. Kwa hiyo "duma alinguruma" ni kosa, hata likiwa ndani ya hadithi ya watoto.

Mlio wa chui ni wa kukwaruza, kama msumeno unaokereza gogo, lakini kundi lake ni hilohilo la simba. Chui wetu wa Unguja, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1932, alikuwa mdogo kuliko wenziwe wa bara, na udogo huo haukumtoa katika kundi hilo. Hata macho hutofautiana: jua la mchana mboni ya paka huwa ufa uliosimama, ya chui hubaki duara.

Mwanao aandike: "Simba, chui na duma ni jamii ya paka, simba hunguruma, duma hukoroma."

Na akitaka kuongeza ngawa na fungo, mzuie. Wapo watu huwaita paka wa mwitu, lakini hao si jamii ya paka kabisa.