Maswali na Majibu: Kunakili na Kuhamisha Hifadhidata

Ninasimamia kompyuta za duka la jumla la dagaa karibu na Mwaloni, Kirumba. Kila ninapoendesha mysqldump, amri ya kunakili hifadhidata ya MySQL, mchana, programu ya mauzo inakwama. Tatizo ni nini?

Kompyuta zako hazina kosa. Isipoelekezwa vingine, mysqldump hufunga majedwali yote ya hifadhidata inayonakiliwa, hivyo karani anayetaka kuandika stakabadhi hulazimika kusubiri hadi kazi iishe. Ikiwa majedwali yako yanatumia InnoDB (mojawapo ya njia za MySQL za kuhifadhi majedwali), ongeza --single-transaction, nayo MySQL itanakili data kama ilivyokuwa kazi ilipoanza huku mauzo yakiendelea. Gunia litakalouzwa dakika moja baadaye halitaonekana katika nakala, si kwenye stakabadhi wala kwenye hesabu ya stoo, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu stakabadhi iliyonakiliwa bila gunia lake kupunguzwa stoo itakusumbua kuliko mauzo yasiyokuwemo kabisa. Jedwali la MyISAM, njia nyingine ya kuhifadhi, halinufaiki na chaguo hilo. Jedwali la namna hiyo ulinakili usiku, duka likiwa limefungwa. Ongeza pia --routines (taratibu zilizohifadhiwa ndani ya hifadhidata) na --events (kazi zake za ratiba), kwa kuwa vitu hivyo havinakiliwi bila kuombwa.

Natunza hesabu za chama cha akiba na mikopo hapa Nansio, Ukerewe, na umeme hukatika. Nitajuaje kwamba nakala ya usiku ilikamilika?

Tazama mkia wa faili kwa amri ya tail -n 1. Kwa mipangilio ya kawaida, mysqldump ikimaliza salama huacha mstari unaoanza na "-- Dump completed". Usipouona, faili hiyo ni kipande tu.

Wanaobana nakala moja kwa moja kwa kuunganisha mysqldump na gzip, programu ya kubana faili, wana mtego mwingine. Bash, programu inayoendesha amri hizo, huangalia matokeo ya amri ya mwisho peke yake, kwa hiyo mysqldump ikikataliwa nenosiri, gzip hubana utupu, hufaulu, na kazi huhesabiwa kuwa imekwenda vizuri. Mimi mwenyewe niliwahi kukuta mlolongo wa faili za namna hiyo, kila moja ya baiti 20, zikiwa na tarehe zilizopangika bila dosari. Andika set -o pipefail mwanzoni mwa skripti yako ili kosa la amri yoyote kati ya zilizounganishwa lihesabiwe, kisha kila mwezi rejesha nakala moja katika kompyuta nyingine na uhesabu safu mlalo za jedwali la michango. Usiijaribie kwenye hifadhidata inayotumika: kwa kawaida faili hiyo hufuta kila jedwali lililopo kabla ya kuliunda upya.

Tuko Nyegezi. Tumehamishia PostgreSQL, mfumo mwingine wa hifadhidata, kwenye seva mpya. Data imefika, lakini watumiaji hawapo.

pg_dump hunakili hifadhidata moja, ilhali watumiaji ni wa seva nzima. Endesha pg_dumpall --globals-only dhidi ya seva ya zamani, na matokeo yake uyapakie kabla ya data, la sivyo majedwali yatakosa wenyewe. Tumia pg_dump ya toleo jipya, kwani ya zamani hukataa seva yenye toleo kuu lililo juu yake. Kwa hifadhidata kubwa napendelea kunakili kwa -Fc, muundo maalumu wa pg_dump, ili pg_restore -j 4 irejeshe kwa kugawana kazi mara nne.

Je, kuna ubaya kuandika nenosiri ndani ya amri?

Upo, kwa kuwa hubaki katika historia ya amri. Kwa MySQL liweke katika ~/.my.cnf, kwa PostgreSQL katika ~/.pgpass, na zote mbili uzipe chmod 600, yaani mwenye faili pekee aisome na kuiandika. Kwenye Linux, PostgreSQL huipuuza faili yake ikiwa wengine wanaweza kuisoma.