Laptopu inaisha chaji ikiwa imelala: kabla hujanunua betri pitia hapa

Mkuu usinunue betri. Bado kwanza. Umesema usiku unaifunika ikiwa na asilimia 90 asubuhi unakuta 38, siku nyingine unakuta imezima kabisa, na fundi keshakwambia betri imekufa ulete hela. Inawezekana fundi yuko sahihi, ila kwa maelezo yako mwenyewe nina mashaka, maana umesema mchana ukiwa unaitumia inakaa masaa manne mpaka matano. Betri iliyokufa haiwezi kukaa masaa manne ukiwa unafanya kazi alafu ikashindwa usiku ambao hakuna anayeigusa. Hapo kuna kitu kinakula, na mimi nimeshahangaika na hili tatizo kwenye laptopu yangu na za ndugu kadhaa, kwahiyo nakuandikia kwa urefu kidogo, vumilia.

Anza na hesabu ndogo tu. Tufanye betri yako ni ya wati-saa 50, ndo saizi ya kawaida kwa laptopu nyingi. Kutoka 90 mpaka 38 umepoteza asilimia 52, yaani wati-saa 26, gawa kwa masaa 8 ya usiku unapata wati 3 na kidogo. Sasa laptopu iliyolala kisawasawa haitakiwi kula hata wati moja, inatakiwa iwe sehemu tu ya wati, ukiamka asubuhi ukute imeshuka asilimia tano hivi au pungufu. Wati 3 ni laptopu iliyo macho kabisa ila skrini ndo imezimwa. Kwahiyo swali sio betri ina nini, swali ni nani anaiamsha au nani anaizuia isilale.

Na hapa ndo wengi hawajui, kulala kwa laptopu za siku hizi sio kule kwa zamani. Zamani kulikuwa na usingizi unaoitwa S3, ukifunika mfuniko prosesa inazimwa, diski inazimwa, karibu kila kitu kinakatwa umeme isipokuwa memori, maana memori ya RAM inasahau kila kitu usipoikumbusha, inahitaji kuburudishwa kila baada ya milisekunde 64 hivi. Umeme huo ni mdogo sana, unaweza kuiacha siku mbili tatu ukaikuta ipo. Alafu Windows 8 ikaja mwaka 2012 na mtindo mpya, Windows 10 ikauendeleza kuanzia 2015, kwamba laptopu iwe kama simu, ikilala iendelee kupokea barua pepe na apdeti, na ukifungua mfuniko iamke papo hapo. Huu ndo unaitwa S0. Kwenye S0 laptopu haijazimwa, inasinzia kama mlinzi wa zamu ya usiku, inashtuka kidogo inafanya kazi yake inarudi kusinzia. Ikifanya hivyo vizuri sina neno, shida ni kwamba inatosha draiva moja tu mbovu (programu ndogo inayoendesha kifaa fulani cha laptopu) kugoma kusinzia, basi mashine nzima inakesha nayo. Ndo maana unakuta mtu anaitoa kwenye begi inaunguza mikono na feni inavuma.

Kujua yako ni ya aina gani fungua dirisha la amri (Command Prompt) kwa haki za admini, andika

powercfg /a

Ukiona Standby (S3) kwenye orodha ya juu, yako ni ya mtindo wa zamani. Ukiona S0 Low Power Idle, ni ya mtindo mpya. Laptopu nyingi za miaka ya karibuni ni S0 na S3 haipo kabisa, mtengenezaji ameitoa kwenye BIOS, ile programu ya msingi inayowaka kabla ya Windows.

Kabla hujaanza kugusa setingi yoyote (najua mikono inawasha, watu wanapenda kuanza kuzima zima vitu bila kujua walichozima), fanya majaribio ya usiku. Usiku wa kwanza ilaze kama kawaida yako, andika asilimia ya jioni na ya asubuhi. Usiku wa pili washa modi ya ndege ndo uilaze. Usiku wa tatu izime kabisa kwa amri ya shutdown /s /t 0, sio kwa kile kitufe cha kwenye menyu, kwasababu Windows ikiwa na Fast Startup ile zima ya kwenye menyu sio kuzima kamili, inahifadhi kiini cha mfumo kwenye diski ili kesho iwake haraka. Na kila usiku chomoa chaja kwanza, subiri dakika moja, ndo ufunike. Mtu anafunika ikiwa kwenye chaja alafu anachomoa anaitia kwenye begi, sasa ikiwa kwenye umeme Windows inajiruhusu kazi nyingi zaidi za nyuma ya pazia, kwahiyo unaanza usiku na mashine ambayo tayari iko kazini na vipimo vyako vinaharibika.

Majibu ya hizo siku tatu yanakwambia karibu kila kitu. Kama usiku wa modi ya ndege imeshuka kidogo na usiku wa kawaida imeshuka sana, mchawi wako ni mtandao, waifai au bluetuthi. Kama zote mbili zimeshuka sawa sawa ila ilipozimwa haikushuka, ni draiva nyingine au programu. Na kama hata ikizimwa kabisa inashuka, hapo sahau Windows, hilo ni suala la vifaa. Betri za lithiamu zenyewe zikikaa tu zinapoteza asilimia chache kwa mwezi, sio kwa usiku mmoja. Nenda BIOS utafute setingi ya kuchaji simu kwa USB wakati laptopu imezimwa, uizime, zima na ile ya kuamshwa kwa kebo ya mtandao. Laptopu ya dada yangu ilikuwa hivi, ina ule mlango wa USB unaotoa umeme muda wote, na yeye alikuwa anaacha feni ndogo ya USB imechomekwa humo, haizunguki kwasababu kitufe chake kimezimwa, ila ile saketi ya kuchaji betri ya feni inaendelea kunywa taratibu usiku kucha. Fundi alishamwambia anunue betri pia. Kama hizo setingi umezima, hakuna kilichochomekwa na bado inashuka, basi mrudie fundi, hapo maneno yake yana uzito.

Haya, kama yako ni S0 kuna kitu kitamu kinaitwa sleepstudy na sielewi kwanini hakizungumzwi zaidi:

powercfg /sleepstudy

Itatengeneza ripoti ya html, mara nyingi inaishia kwenye folda ya System32 kwasababu ndo dirisha la admini linapofungukia, itafute humo uifungue kwa brauza. Inaonyesha siku 3 zilizopita, kila mara laptopu ilipolala ina mstari wake, rangi ya kijani ni salama, nyekundu ni msiba. Bonyeza mstari mwekundu, shuka chini mpaka kwenye orodha ya wakosaji wakubwa, utaona kifaa gani au programu gani ilikaa macho asilimia ngapi ya muda. Angalia pia asilimia ya muda iliyokaa kwenye hali ya chini kabisa ya umeme, wameiandika kwa herufi SW (upande wa programu) na HW (upande wa vifaa). SW ikiwa juu na HW ikiwa sifuri au karibu na sifuri, maana yake programu zilituliza mikono ila kuna kipande cha vifaa kimegoma, mara nyingi diski ya NVMe, kadi ya sauti, kadi ya mtandao, au kitu ulichochomeka kwenye USB.

Kwangu mimi aliyekuwa juu ya orodha ni kadi ya waifai. Apdeti ilikuwa imeweka draiva ya jumla juu ya ile ya mtengenezaji wa laptopu, na ile ya jumla ilikuwa haijui kutulia. Nilishusha draiva kutoka tovuti ya mtengenezaji kwa modeli yangu kamili, nikaweka na BIOS mpya maana kwenye maelezo yake walitaja masuala ya kulala, na matumizi ya usiku yakaporomoka. Usidharau apdeti ya BIOS kwenye hili suala, ila ifanye ikiwa kwenye chaja na usiiguse mpaka imalize.

Kwa wenye S3 wachunguzi wako ni wengine, hapo tatizo huwa ni kuamshwa sio kukataa kulala:

powercfg /lastwake
powercfg /waketimers
powercfg /devicequery wake_armed

Ya kwanza inakwambia nani aliamsha mara ya mwisho, ya pili kengele zilizotegwa, ya tatu vifaa vyenye ruhusa ya kuamsha. Kwenye hiyo ya tatu karibu kila mara utakuta mausi. Ukiwa na mausi isiyo na waya na kidude chake umekiacha kimechomekwa, alafu mausi yenyewe iko kwenye begi hilo hilo bila kuzimwa, kila hatua unayotembea unaiamsha laptopu. Ingia Device Manager, fungua mausi, kwenye kichupo cha umeme toa ruhusa ya kuamsha kompyuta. Kibodi iache.

Sasa ukiniuliza mimi binafsi nafanyaje, sijategemea kulala tena kwa usiku mzima, natumia haibaneti. Haibaneti inaandika yaliyomo kwenye memori kwenda kwenye diski alafu inazima kweli, kwahiyo hata draiva iwe mbovu kiasi gani haina umeme wa kula. Ukiwasha unarudi palepale ulipoachia, brauza na vichupo vyako vyote vipo, inachelewa sekunde kadhaa tu kama una SSD, ile diski ya kisasa ya kasi. Kama huioni kwenye menyu andika powercfg /h on, alafu kwenye setingi za umeme chagua kufunika mfuniko iwe haibaneti ukiwa kwenye betri. Kama hutaki kusubiri iwake kila unapoifunika kwa dakika tano tu, kuna njia ya kati, ilale kwanza alafu ikipita saa moja iende haibaneti yenyewe:

powercfg /change hibernate-timeout-dc 60

Hiyo 60 ni dakika. Hii ndo naitumia, mchana nafunika nafungua haraka, usiku inajizima yenyewe.

Najua kuna atakayekuja kusema haibaneti inaua SSD. Tufanye hesabu tena. Faili la haibaneti kwa kawaida linatengewa asilimia 40 ya RAM, ukiwa na RAM ya GB 16 ni kama GB 6.4, ukifanya kila siku mwaka mzima ni TB 2.3 hivi. SSD za kawaida za GB 500 nyingi zina uwezo wa kuandikiwa mamia ya TB kabla ya kuchoka. Laptopu itachakaa bawaba kabla ya hapo.

Kuna na ile mbinu ya rejista (ghala la setingi za ndani za Windows) inayozunguka mitandaoni, kuweka PlatformAoAcOverride iwe 0 ili kuilazimisha S3. Inafanya kazi kwa baadhi ya mashine ambazo S3 imefichwa tu. Kwa ambazo S3 haipo kwenye BIOS, utabaki huna usingizi wa aina yoyote, powercfg /a haitakuonyesha S3 wala S0, au mbaya zaidi inalala haiamki mpaka ushikilie kitufe cha kuzimia. Ukijaribu ikakugomea, futa hiyo thamani kwenye rejista, washa upya, inarudi kama ilivyokuwa. Ile nyingine ya zamani ya CsEnabled usipoteze muda, haifanyi kazi tangu Windows 10 toleo la 2004.

Wa Linux angalieni cat /sys/power/mem_sleep, mabano ya mraba yakiwa kwenye s2idle (usingizi wa mtindo mpya) na neno deep (ule wa S3) lipo pembeni, ongeza mem_sleep_default=deep kwenye amri za kernel, jaribu kulaza na kuamsha mara kadhaa kabla hujaiamini. Wa Mac ni pmset -g log kuona nani anaamsha, na pmset -g assertions kuona nani anazuia kulala, mara nyingi ni setingi ya kuamka kwa ajili ya mtandao.

Na ili tumalizane na fundi wako, andika powercfg /batteryreport. Linganisha DESIGN CAPACITY (uwezo wa betri ikiwa mpya) na FULL CHARGE CAPACITY (uwezo wake wa sasa ikijaa). Ikiwa imebaki asilimia 80 kwenda juu, betri ni nzima, mwambie asubiri. Ikiwa chini ya 50 basi betri nayo imezeeka na utainunua tu, lakini hata hiyo mpya itanywewa usiku kama hujaondoa anayekunywa.

Anza na powercfg /a na zile siku tatu, alafu weka hapa majibu pamoja na picha ya ule mstari mwekundu wa sleepstudy na modeli kamili ya laptopu, tuangalie ni draiva ipi.