Kabla hujaita fundi, tia mashine mafuta

Juzi dada mmoja wa Umoja, hapa Nairobi, aliniandikia, cherehani yake ya miguu imekuwa nzito mpaka goti linamuuma, na fundi amemwambia shafti, kile chuma kinachozunguka ndani, imeisha, atoe pesa ibadilishwe. Nikamuuliza, dada, unatia mafuta gani? Akasema ya kupikia, kidogo tu, kila Jumapili. Hapo nikajua shida iko wapi, na hasira ikanipanda, si kwake, kwa huyo fundi, kwa sababu maneno kama hayo nishayasikia.

Mimi nashonea nyumbani, na mashine yangu ni Singer nyeusi ya mama, hiyo hiyo iliyoshona sare za watu sisi tukalipiwa karo. Alipofariki ilikaa kwa kona imefunikwa shuka muda mrefu, nikaja kuigusa gurudumu halizunguki kabisa. Nikabeba kichwa chake kwa matatu mpaka mjini kwa fundi, hata hakufungua bamba, akasema mama hii imekufa, nikupe bei ya chuma chakavu nikupunguzie mzigo. Mashine ya mama yangu! Nikaibeba nikarudi nayo, na mpaka leo nikipita hiyo barabara moyo unachemka.

Mzee jirani aliyewahi kushona Uhuru Market, soko la mafundi wa nguo, ndiye aliniambia haijafa, imeganda. Mafuta ya zamani yakikaa yanakuwa gundi, yanashika vumbi la uzi, chuma kinakwama. Tukatia mafuta ya taa kila tundu, mbali na jiko, tukaiacha usiku kucha, asubuhi tukazungusha gurudumu mbele na nyuma polepole tukipangusa uchafu mweusi kama lami, halafu tukarudia. Mwisho mafuta ya mashine, maana ya taa yanasafisha tu na kuacha chuma kikavu. Ikazunguka! Na leo ndiyo inalipa rent, Januari nilishona sare mpaka nikakataa oda.

Sasa nisikilizeni. Nunua mafuta ya cherehani, yale meupe mepesi ya kichupa, maduka ya uzi wanayo. Ya kupikia hapana, yakipigwa na hewa yananata, ya gari nayo ni mazito. Na usitie juu ya uchafu, toa kwanza bobini na kijumba chake, sugua shato, pale bobini inapokaa, na yale meno yanayosukuma kitambaa kwa mswaki mkavu, usipulize kwa mdomo unasukuma vumbi ndani na mate juu. Kisha tone moja moja kila mahali chuma kinasugua chuma, na ilaze ubavu utie chini pia, huko ndiko watu wanasahau. Shonea kitambaa kibovu kwanza kinyonye yaliyozidi. Za stima zile mpya fuata kitabu chake, nyingine hazitaki mafuta kila mahali. Jamani, mtu anapata pesa ya kucha kila mwezi na mashine inayomlisha inalia njaa ya mafuta, hiyo si haki.

Wewe dada wa Umoja usilipe shafti bado. Toa mkanda, zungusha gurudumu la juu kwa mkono. Likiwa zito, gundi iko kichwani, anza na mafuta ya taa. Likiwa jepesi, uzito uko chini, tia mafuta zile ncha mbili kanyagio linapobembea na pale fimbo inaposhika gurudumu kubwa, lakini mkanda wa ngozi usiguse mafuta, utateleza.